Saikolojia: Tusiache Mbachao kwa Msala Upitao

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi kwa barabara kuu, akishapita Sultan Hamud na Salama, hufika Malili katika Kaunti ya Makueni. Kwa miaka mingi hapakuwa na jambo la kumsimamisha mtu hapo ila chai na kupumzisha gari; pande zote ni nyasi na malisho ya ng'ombe. Baadaye Serikali ikanunua ekari 5,000 za ranchi ya Malili, na mnamo Januari 2013 Rais Mwai Kibaki akazindua kazi ya kuujenga mji wa teknolojia wa Konza. Katika mji huo ndipo yalipowekwa makao makuu ya Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati yake tarehe 3 Agosti 2023.

Chuo hiki hufundisha kwa mtandao. Mwanafunzi wake halazimiki kupanda basi. Aweza kuwa Faza, Malindi au Vanga, akasoma kwa simu yake barazani kwao. Vyuo vikuu vingine navyo, tangu maradhi ya Korona ya mwaka 2020, vimezoea kupeleka sehemu ya masomo yao kwa njia hiyo hiyo. Maana yake ni kwamba kwa vijana wengi maandalizi ya mtihani yamerudi nyumbani. Hana maktaba ya kukesha na wenzake, wala mwenzake wa kitanda cha pili wa kumwuliza swali usiku wa manane. Basi ni haki tuulize: huko nyumbani kuna nini cha kumfaa mwanafunzi?

Nataka kulijibu swali hili kwa somo moja, nalo ni saikolojia, elimu ya nafsi. Nimelichagua kwa sababu vijana wetu wa pwani wanalisoma kwa wingi, na si wale tu wanaotaka shahada yake. Mwalimu hulisoma, muuguzi hulisoma, na mfanyakazi wa ustawi wa jamii pia. Tangu sheria ya mwaka 2014 ya washauri na wanasaikolojia, kazi hii imekuwa na bodi yake na leseni yake nchini Kenya. Haifanywi tena na yeyote apendaye.

Lakini ni somo pana. Lina tawi la ubongo na mwili, tawi la fahamu na kumbukumbu, tawi la ukuaji wa mtoto, tawi la mtu na jamii, tawi la tabia za watu na hitilafu zao, na tawi la maradhi ya nafsi na tiba yake. Juu ya hayo yote kuna utafiti na takwimu, ambazo huwatoa vijana jasho. Siku ya mtihani matawi yote haya huja pamoja. Wanaponijia na mafurushi ya nakala za mitihani iliyopita, swali lao ni lile lile: "Mzee, tushike wapi tuache wapi?"

Nionavyo mimi, kijana wa pwani anao mbachao wake, na makosa ni kuuacha kwa sababu ya msala unaopita. Mbachao huo ni vitu vitatu: njia ya kudurusu aliyofunzwa chuoni, mifano iliyojaa katika nchi zake mwenyewe, na lugha yake. Akivitumia vitatu hivi atafaulu mtihani, na baada ya mtihani atawafaa watu. Asipovitumia, huenda akafaulu vile vile, lakini elimu yake itabaki katika karatasi.

KUSOMA KWA GHIBU

Tuanze na chuo. Sisi wa pwani neno hili tunalitumia kwa mahali pawili: chuo cha Qur'ani na chuo kikuu. Siku hizi wako wasomi wanaokibeza kile cha kwanza. Husema huko watoto hukaririshwa kama kasuku. Sikatai kwamba wako waalimu wanaohifadhisha bila kufahamisha, na hilo lina hasara yake. Lakini tazama namna kazi yenyewe inavyokwenda. Mtoto husoma darasa mpya, na kabla ya kupewa nyingine humsomea mwalimu ile ya jana kwa ghibu, msahafu umefungwa. Kisha kuna siku za kurudia za juma lililopita, na siku za kurudia za zamani. Hayo ndiyo tuyaitayo muraja'a. Mtoto hapimwi kwa mara ngapi ametazama ukurasa. Hupimwa kwa alichoweza kukitoa moyoni mwake bila ya kutazama.

Sasa fungua kitabu cha saikolojia, mlango wa kumbukumbu. Utamkuta Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyechapisha utafiti wake mwaka 1885. Alijihifadhisha mwenyewe safu za silabi zisizo na maana, kisha akapima anavyozisahau. Aliona kwamba usahaulifu ni wa kasi sana katika saa na siku za mwanzo, kisha hupungua kasi. Akaona na jambo la pili: marudio 38 yaliyogawanywa kwa siku tatu yalimfaa sawa na marudio 68 yaliyofanywa kwa mkupuo mmoja. Yaani kazi ilipungua karibu nusu kwa kuigawanya tu.

Mwaka 2006, Wamarekani wawili, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi kifungu cha maneno wakisome. Kundi moja lilikisoma mara nne. Kundi jingine lilikisoma mara moja, kisha likajitahini mara tatu kwa kuandika linalolikumbuka. Dakika tano baadaye waliosoma mara nne ndio waliokumbuka zaidi. Lakini baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliojitahini walikumbuka asilimia 61, na waliorudia kusoma tu wakakumbuka asilimia 40.

Ndugu msomaji, tofauti ya hayo na muraja'a ni ipi? Mwalimu wa chuoni hakuwa na maabara, lakini aliijua kazi yake. Kijana aliyepita mikononi mwake tayari anazo kanuni mbili bora za kujiandaa: gawanya marudio yako kwa siku nyingi, na funga kitabu ujisomee kwa ghibu. La kusikitisha ni kwamba kijana huyo huyo, akishaingia chuo kikuu, huziacha. Utamwona amepaka rangi ya manjano kila mstari wa kitabu, akiusoma tena na tena, naye anadhani anajua kwa sababu macho yamezoea. Usiku wa kuamkia mtihani hukesha kwa miraa na kahawa nyeusi. Tawi la ubongo, ambalo yeye mwenyewe anatahiniwa, linamwambia kwamba usingizi una kazi kubwa katika kuyatia mambo kwenye kumbukumbu. Na kwamba katinoni iliyomo ndani ya miraa huuchangamsha ubongo kwa muda, kisha ukaja uchovu. Anayaandika hayo katika karatasi ya majibu hali macho yake ni mekundu!

Hata hivyo kuhifadhi peke yake hakutoshi. Mtahini wa chuo kikuu hataki silabi za Ebbinghaus zirudishwe kama zilivyo. Anauliza: linganisha, jadili, toa dosari. Kwa hivyo nawashauri vijana wachukue karatasi moja kwa kila tawi, waandike kwa ghibu mambo matano: swali kubwa la tawi hilo, watu waliolijibu, utafiti mmoja walioufanya, pingamizi lililotolewa, na mfano mmoja wa kwetu. Kisha wafungue kitabu wasahihishe. Baada ya siku tatu wafanye tena, na baada ya juma tena. Jambo la tano, mfano wa kwetu, ndilo wanalolipuuza wengi, na ndilo ninalotaka kulieleza.

MIFANO IKO KARIBU

Tukichukua tawi la ukuaji wa mtoto, kila mwanafunzi hulitaja jina la Mary Ainsworth, mwanamke aliyechunguza namna mtoto mchanga anavyomganda mama yake. Wanafunzi hukimbilia jaribio lake la Baltimore, Marekani, ambapo mama humwacha mtoto chumbani na mgeni kwa dakika chache kisha akarudi. Wachache hukumbuka kwamba kazi hiyo ilianzia kwetu. Ainsworth alifika Kampala mwaka 1954, akawatembelea nyumbani akina mama 26 wa vijiji vya karibu, wenye watoto 28, kwa miezi kadhaa. Kitabu chake juu ya watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967. Aliyoyaona Baltimore aliyapima kwa macho yaliyokwisha kufunzwa na akina mama wa Buganda. Mwanafunzi wa Kiafrika Mashariki akiandika hivyo, amempa mtahini jambo ambalo wengi hawatampa.

Katika kumbukumbu, Mwingereza Frederic Bartlett aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1932 habari za mchungaji wa Kiswazi aliyeweza kutaja ng'ombe walionunuliwa mwaka mzima nyuma, rangi zao na bei zao, karibu bila ya kukosea. Bartlett hakusema mtu yule ana kichwa cha ajabu. Alisema mtu hukumbuka kile ambacho jamii yake inakijali. Mchungaji wa malisho ya Malili angemwelewa mara moja, na nahodha wa Lamu anayejua kila fungu na mkondo vile vile.

Katika upimaji wa akili, mwaka 2001 Robert Sternberg na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya watoto 85 wa kijiji kimoja cha Waluo karibu na Kisumu. Waliwapima ujuzi wa dawa za miti shamba, kisha wakawapima kwa mitihani ya kawaida ya akili na ya msamiati wa shule. Wale waliozijua dawa sana walielekea kupata alama za chini katika mitihani ya shule. Hapa tawi la takwimu linaingia, na mwanafunzi aangalie asiteleze. Uwiano huo haumaanishi kwamba kujua mitishamba kunaua akili! Watafiti walieleza kwamba jamaa nyingine humtilia mtoto mkazo katika elimu ya nyumbani na nyingine katika ya shule, na muda wa mtoto ni mmoja. Anayeufahamu mfano huu ameshafahamu kwa nini vitu viwili vinaweza kwenda pamoja pasina kimoja kumzaa mwenziwe.

Nalo tawi la mtu na jamii? Vijana wote huhifadhi jaribio la Stanley Milgram la Chuo Kikuu cha Yale, ambapo watu 26 kati ya 40 walitii amri mpaka mwisho wa mashine, wakiamini wanamtia mwenzao umeme. Ni jaribio kubwa, nalo lisiachwe. Lakini Rwanda iko karibu nasi zaidi. Baada ya mauaji ya mwaka 1994, ulitungwa mchezo wa redio uitwao Musekeweya, ulioanza kutangazwa mwaka 2004, juu ya vijiji viwili vinavyochukiana na vijana wanaokataa chuki hiyo. Elizabeth Levy Paluck alilinganisha vikundi vilivyousikiliza kwa mwaka mmoja na vikundi vilivyosikiliza mchezo mwingine wa mambo ya afya. Utafiti wake wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba imani za watu moyoni hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni kile walichodhani wenzao wanakikubali, na namna walivyotendeana. Hili ni fundisho kubwa kwa kila aliyewahi kuona mtaa mzima ukinyamaza mbele ya uovu ambao kila mmoja, peke yake, anauchukia.

WAZIMU NI NINI, NA NANI ASEMAYE?

Sasa tulifikie tawi la maradhi ya nafsi, ambalo kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote. Hapa turudi Ukambani, nchi ya Malili yenyewe. Mwaka 1966 Mmarekani Robert Edgerton alichapisha utafiti juu ya makabila manne ya Afrika Mashariki: Wahehe, Wakamba, Wapokot na Wasebei. Aliwauliza watu wa kawaida, mtu mwenye wazimu mnamjuaje? Majibu yalifanana sana, tena yalifanana na ya hospitali za Ulaya: huzurura, husema maneno yasiyoshikana, huvua nguo hadharani. Walipohitilafiana zaidi ni juu ya chanzo. Wakamba na Wahehe wengi walitaja uchawi. Wasebei na Wapokot wakataja mdudu aliyeingia ubongoni. Mwanafunzi akiulizwa kama maradhi ya akili ni yale yale duniani kote, hapo ana jibu lenye pande mbili, kutoka kwa majirani zake.

Lakini pia ajue upande wa giza wa somo hili. Daktari J. C. Carothers aliiongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, kuanzia mwaka 1938 mpaka 1950. Mwaka 1953 alichapisha kitabu kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani, akidai kwamba Mwafrika hutumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo wake, na kumfananisha na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo. Katika hospitali hiyo hiyo ndimo alimotiwa Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, mwaka 1945, kwa kuupinga utawala wa Mwingereza. Elimu iliyopaswa kumponya mtu ilitumika kumwita mwenye kudai haki yake mwendawazimu. Mwanafunzi asiyeyajua haya atayameza maneno ya vitabu kama maji.

Jambo hili Malik Badri, msomi wa Sudan aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki mwaka 2021, alilisema waziwazi. Katika kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya mashaka ya wanasaikolojia Waislamu, aliwalaumu wenzake waliokuwa wakifuata kila nadharia ya Magharibi hata ikiingia katika shimo la kenge. Wengine wamemchukulia kuwa alisema tuitupe saikolojia yote. Hakusema hivyo, yeye mwenyewe alitibu wagonjwa kwa njia za kisasa. Alichotaka ni kupambanua. Na ni yeye aliyetukumbusha Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, ambaye katika kitabu chake cha afya ya mwili na nafsi alitenganisha huzuni yenye sababu ijulikanayo, kama kufiwa, na huzuni isiyojulikana sababu, ambayo aliihusisha na mwili. Kwa miaka mingi ya karne ya 20 vitabu vya matabibu wa Ulaya vilikuwa na mgawanyo wa namna hiyo. Simtaji al-Balkhi ili tujigambe. Namtaja kwa sababu kijana wetu anapoambiwa kwamba somo hili lilizaliwa Leipzig mwaka 1879, katika maabara ya Wilhelm Wundt, ajue kwamba kilichozaliwa siku hiyo ni maabara. Maswali yalikuwako zamani.

LUGHA YA MGONJWA

Nafika kwenye jambo la tatu, lugha. Kijana anasoma kwa Kiingereza, anatahiniwa kwa Kiingereza, naye anajibu vizuri. Kisha anaajiriwa Port Reitz au Kilifi. Anaingia mama mmoja na mwanawe, aseme: "Mwanangu moyo umemwinamia, halali, hali, na watu wanasema ana mtu kichwani." Huyu mwenye shahada atafanya nini? Ikiwa elimu yake yote imo katika maneno ya kigeni, atamwandikia dawa na kumwita wa pili. Mama atatoka, aende moja kwa moja kwa mganga, na nani wa kumlaumu? Mganga angalau amezungumza naye.

Katika Kaunti ya Makueni lilifanywa jambo la kutuzindua. Watafiti wa Kenya, akiwamo Profesa David Ndetei, waliwakusanya waganga wa kienyeji, viongozi wa dini na wahudumu wa afya wa vijijini, wakawafunza kuzitambua dalili za maradhi kama ya huzuni kubwa, kuwashauri wagonjwa, na kuwapeleka hospitali wanaohitaji. Hawakumdharau mganga wala hawakumwachia kila kitu. Walitambua kwamba mgonjwa hupita kwake kwanza. Kazi ya namna hiyo haiwezekani kwa mtu asiyeweza kulieleza somo lake kwa lugha ya kijijini.

Wapo watakaosema: mtahini hataki Kiswahili, anataka majibu, hayo mengine tutayasoma baadaye. Mimi nasema baadaye huwa haiji. Tena nina kipimo ambacho nimewapa vijana wengi, nacho hakina gharama. Ukishamaliza tawi moja, keti na nyanya yako au shangazi yako asiyejua Kiingereza, umweleze kwa Kiswahili chepesi ulilosoma. Mweleze kwa nini mtoto humlilia mama, kwa nini mtu hutii amri mbaya, kwa nini huzuni nyingine haina sababu. Akikuelewa na kukuuliza swali, jua umefahamu, na Kiingereza cha mtihani kitakuja chenyewe. Akisinzia, rudi kitabuni. Huko ndiko kujitahini kwa kweli, na wala hakuna chuo kikuu kinachoweza kukupa mtahini aliye hodari kuliko huyo.

Wazazi nao wana sehemu yao. Kijana anaposomea nyumbani, tusimwone kwamba hana kazi kwa kuwa ameinamia simu. Tumpe saa zake na pembe yake, na tukubali kuwa wanafunzi wake kwa nusu saa. Na waalimu wetu wa madrasa wawaambie watoto wazi kwamba njia wanayofunzwa ya kugawanya, kurudia na kusoma kwa ghibu haina mwisho wake katika juzuu. Wataihitaji mpaka katika udaktari.

Elimu ni bahari, na mwenye kuingia baharini huenda na chombo anachokijua. Vijana wetu wachukue kila lililo jema kutoka Leipzig, Yale na Baltimore, walilete nyumbani, walipime kwa mifano ya nyumbani na walieleze kwa lugha ya nyumbani. Mama wa Kilifi na mwanawe wanasubiri mtu wa kuzungumza nao.